Kuhama King'amuzi, Kuhama Intaneti: Mzigo Alioachiwa Mteja

Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao wa simu akabaki na namba yake. Anakwenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao anaoutaka, anatuma ujumbe mfupi, na yaliyobaki yanamalizwa na kampuni zenyewe. Wakenya walitangulia, Aprili 2011. Huo haukuwa uungwana wa kampuni za simu. Ni wadhibiti walioona kwamba mtu anayetaka kuondoka hapaswi kuadhibiwa kwa kupoteza namba inayojulikana na ndugu, wateja na benki yake, wakaamuru iwe hivyo. Kwa televisheni na intaneti ya nyumbani hatujafika huko. Mteja anaambiwa yuko huru kuhama, kisha anaachiwa gharama yote ya kuhama.

Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 ikafuata miji mingine: Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi, Mbeya. Tanzania iliwatangulia majirani zake, na ilikuwa mbele sana ya tarehe ya mwisho iliyowekwa chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, yaani 17 Juni 2015. Watu wenye televisheni za zamani walilazimika kununua king'amuzi. Swali la msingi halikujibiwa wakati ule na halijajibiwa vizuri hadi leo: je, king'amuzi hicho ni mali ya nani? Mteja amelipa dukani, amepewa risiti, amekibeba hadi nyumbani. Lakini kadi iliyomo na programu inayofungua chaneli vinaitii kampuni moja tu. Akihama, kifaa alichonunua hakihami naye, na kampuni mpya inamuuzia kingine. Ndiyo maana sebule nyingi zina droo yenye ving'amuzi viwili vitatu vilivyonyamaza, kila kimoja na rimoti yake. Vifaa hivyo vinatengenezwa kwa viwango vilevile vya kimataifa vya DVB. Kwa vile vya aina moja, viwe vya ungo au vya antena, kinachovitenganisha ni kufuli lililowekwa na muuzaji.

Kenya ilionyesha waziwazi kwamba vita vya kuhamia dijitali vilikuwa vya nani ashike mlango wa sebule. Februari 2015 vituo vya NTV, Citizen, KTN na QTV vilitoka hewani kwa karibu wiki tatu, wamiliki wake wakitaka kusambaza matangazo yao wenyewe na kupewa muda wa kuagiza ving'amuzi vyao. Vilirudi mwanzoni mwa Machi. Katika kipindi chote hicho mtazamaji alikuwa na televisheni nzima na umeme umelipiwa, lakini hakuwa na kituo alichokizoea.

Ungo nao una mambo yake. Kampuni hazitumii satelaiti moja, na kila satelaiti ina mahali pake angani. Tembea Sinza au Mbagala ukitazama juu ya mapaa: ungo huu umelala chali, ule umegeukia magharibi. Azam TV, kwa mfano, inapokewa kutoka nyuzi 7 mashariki, na kwa mtu aliye Dar es Salaam, karibu na nyuzi 39, huko ni magharibi hasa. Kwa hiyo kuhama ni kumpandisha fundi juu ya bati. Anakuwa huko na spana mkononi, anausogeza ungo kidogo kidogo, anauliza kwa sauti, "Imeshika?" Mtoto aliyekaa mbele ya televisheni anasoma mistari miwili, wa nguvu ya mawimbi na wa ubora wake, anajibu, "Wa juu umepanda, wa chini bado!" Fundi anajua maana yake: nguvu imejaa lakini ubora ni sifuri, ungo haujakutana na satelaiti inayotafutwa. Anaanza tena. Hela ya fundi, waya, bomba la kushikilia ungo na mara nyingine ungo wenyewe, vyote ni juu ya mteja, na akihama tena mwaka kesho hakuna kinachorudi.

Lakini vifaa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mpira. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Vilabu vilizihitaji sana fedha hizo na ligi imenufaika nazo. Sioni sababu ya kulaumu mkataba huo. Ligi Kuu ya Uingereza nayo kwa miaka mingi imekuwa ikionyeshwa na SuperSport, ndani ya DStv. Sasa mchukue shabiki wa Yanga au Simba ambaye pia hakosi mechi ya Arsenal. Aende kampuni gani? Soko lina kampuni kadhaa lakini kwake hakuna hata moja inayotosha. Akiwa na uwezo, analipia mbili. Asipokuwa nao, anakata huku na kuunga kule kwa kufuata ratiba ya mechi, au anahamia kibanda umiza, chumba cha mtaani cha kulipia kutazama mpira. Ushindani unaosifiwa kwenye hotuba unadhani mteja anaweza kulinganisha bei akachagua. Bei mbili za vitu viwili tofauti hazilinganishwi.

Na wakati mwingine mtu anahamishwa akiwa amekaa palepale. Agosti 2018 chaneli za ndani za bure, zikiwemo ITV na EATV, ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikisema leseni za kampuni za ving'amuzi hivyo haziruhusu kuzibeba. Huenda sheria ilikuwa inasema hivyo. Mteja aliyekuwa amelipia mwezi mzima ndiye aliyetakiwa kutafuta king'amuzi kingine ili apate taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kwenye intaneti ya nyumbani uchungu ni mkubwa zaidi, kwa sababu siku hizi kazi, masomo na biashara ndogo vimo humo. Kampuni zinashindana kwenye mabango. Mtaani mara nyingi hazikutani. Faiba inapita barabara hii inaruka ile. Katika maghorofa mengi ya Nairobi mpangaji anakuta waya wa kampuni moja umeshapitishwa kila sakafu, na akitaka kampuni nyingine msimamizi wa jengo anamwambia mwenye nyumba hajaruhusu kutoboa ukuta. Uhuru wake wa kuchagua uliishia alipolipa kodi ya mwezi wa kwanza. Hata njia ya angani ina kikomo: Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na Novemba 2024 ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa.

Tuseme faiba ya kampuni mpya imefika. Unaambiwa mafundi watakuja kupima kwanza, kisha utapigiwa. Siku ya kuja haitajwi. Ukikata huduma ya zamani mapema, nyumba inakaa gizani, mwanao anakosa somo, wewe unanunua bando la simu kwa bei ya juu ili umalize kazi ya watu. Ukisubiri, mwezi mpya unaanza na unalipa kampuni mbili. Router ya zamani imefungwa kwa kampuni ya zamani, hivyo haikusaidii. Wanaoteseka zaidi ni wale wasio na akiba ya kulipa mara mbili: wanabaki na huduma mbovu kwa sababu kuondoka ni ghali kuliko kuvumilia.

Kisha kuna kufunga akaunti. Nilipohama, nilirudisha router kwenye kaunta ya kampuni niliyokuwa naiacha. Mhudumu aliipokea, akaiweka chini ya meza, akasema, "Tayari, kaka." Hakunipa karatasi, na nilipoiomba aliniambia mfumo umeshaandika. Baadaye ujumbe wa deni ukaanza kuingia kwenye simu, deni likiongezeka kila mwezi kwa huduma isiyokuwepo. Kila nilipopiga simu niliunganishwa na mtu mpya nikasimulia upya tangu mwanzo. Kujiunga kulikuwa kazi ya dakika chache na wakala alinifuata nyumbani. Wakati wa kutoka hakukuwa na mtu wa kunisimamia.

Kampuni nazo zina utetezi wa haki. Kuchimba mitaro na kuvuta faiba ni gharama kubwa, na router inayotolewa bure inalipwa polepole na ada za miezi mingi. Pia si kila tatizo linaondoka kwa kuhama: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya nchi kadhaa za ukanda huu ikayumba. Aliyehama siku ile kwa hasira huenda alihamia kampuni iliyokuwa ikitegemea waya uleule. Lakini gharama za kujenga zinaweza kuandikwa wazi kwenye mkataba, kwa kiasi na tarehe ya mwisho. Kumchosha mteja mpaka aghairi si njia halali ya kurudisha mtaji.

Nchi nyingine zimeshachukua hatua. Uingereza, kuanzia 12 Septemba 2024, mteja wa intaneti ya nyumbani anawasiliana na kampuni anayoiendea tu; hiyo ndiyo inayoiarifu ya zamani na kupanga siku ya kubadilishana. Hata huko utaratibu huo hauigusi televisheni ya kulipia. Lakini msingi wake ni uleule tuliouweka sisi kwenye namba za simu, na tuliuweka miaka mingi kabla.

Kwa hiyo TCRA na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hazina haja ya kubuni jambo geni. Ziamuru kampuni inayompokea mteja ndiyo ishughulikie kuondoka kwake, na siku ya kukata iwe siku huduma mpya inapowaka. Ziamuru hati ya kufunga akaunti itolewe hapohapo kifaa kinaporudishwa, na deni lisihesabiwe baada ya tarehe hiyo. Zizuie mikataba inayoifungia kampuni moja jengo zima. Na king'amuzi ambacho mteja amekimaliza kulipia kifunguliwe, angalau kwa chaneli za bure, hata asiponunua kifurushi tena.

Hadi hapo, msomaji, usikate huduma ya zamani kabla mpya haijawaka. Piga picha ya kifaa unachorudisha pamoja na namba yake, na usitoke kaunta bila hati yenye mhuri. Ukidaiwa deni usilolijua, andika malalamiko kwa kampuni, tunza nakala, na wasipokujibu yapeleke kwa mdhibiti. Malalamiko ya simu peke yake hayaachi ushahidi mikononi mwako.