Muziki Unaomtazama Mchezaji

Kijana wa Kashaulili, mjini Mpanda, anapocheza mchezo wa video katika simu ya kaka yake, aghalabu huamriwa na wakubwa apunguze sauti. Akiizima kabisa hugundua jambo la ajabu: picha ni zilezile, maadui ni walewale, lakini hofu imetoweka. Kwa nini?

Tuanze na mchezo uitwao Space Invaders, uliobuniwa nchini Japani na Tomohiro Nishikado mwaka 1978. Humo maadui 55, katika safu 5, huteremka kutoka juu ya kioo. Muziki wake ni noti nne tu, nene, zinazorudiwa bila kikomo. Kompyuta ya mashine ile ilikuwa dhaifu. Ilimsogeza adui mmoja tu kwa kila picha, nayo ilichora picha zipatazo 60 kwa sekunde. Mwanafunzi na apige hesabu: maadui wote wakiwa hai, kila mmoja hupata zamu yake baada ya sekunde 0.9 hivi, akibaki mmoja, zamu zote ni zake. Hivyo kila alipouawa mmoja, waliosalia walizidi kwenda mbio. Nishikado hakuuondoa udhaifu huo, bali aliuacha uwe sehemu ya mchezo, na noti zile nne nazo huharakishwa kadiri maadui wanavyopungua. Mchezaji husikia kitu mfano wa moyo unaodunda kwa woga, na punde huhisi kwamba ni moyo wake mwenyewe.

Hapa ndipo muziki wa michezo unapoachana na ule wa sinema. Mtunzi wa sinema anajua mlango utafunguliwa dakika ipi, naye hutunga kwa kipimo hicho. Mtunzi wa mchezo hajui: mchezaji mmoja ataufungua mara moja, mwingine atazurura nusu saa. Basi hutunga vipande vinavyoweza kurudiwa, kuongezwa ala au kupunguzwa, na programu huchagua kipi kisikike kwa kufuata matendo ya mchezaji. Jambo hili si geni kwetu. Mpiga ngoma hodari hafuati saa. Hutazama miguu ya wachezaji, wakipamba moto huongeza mdundo, wakichoka huupoza. Programu ni mpiga ngoma asiye na macho, anayehesabu tu.

Uko pia muziki usiomfuata mtu, ambao kazi yake ni kuuandaa moyo kabla ya mchezo kuanza. Mfano mashuhuri ni wa Kiswahili. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliutungia mchezo wa Civilization IV wimbo "Baba Yetu", wenye maneno yatokanayo na Sala ya Bwana. Uliimbwa na Talisman, kikundi cha Chuo Kikuu cha Stanford, nao husikika huku dunia ikizunguka polepole kwenye kioo. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza kutoka katika mchezo wa video.

Wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakuelewa hata neno moja. Walisikia kwaya na lugha ya mbali, wakahisi mapambazuko ya historia ya binadamu. Mkristo wa Mpanda, aliyezoea sala hiyo tangu utotoni, husikia ibada. Mawimbi ya sauti ni yaleyale. Kinachotofautiana ni kumbukumbu ya msikilizaji. Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani. Awaoneshe wanafunzi kipande kimoja cha mchezo mara tatu: kwanza bila sauti, kisha kwa muziki wa harusi, kisha kwa kwaya ya msibani. Kila mara mwanafunzi aandike, pasipo kunong'onezana na jirani, anadhani nini kitatokea baadaye.