Nguvu ya Sheria Ina Mpaka

Mwaka 1976 hofu ilienea katika vijiji vya Mwanza na Shinyanga. Watu walikuwa wakiuawa usiku. Wengi walikuwa wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Bibi mwenye macho mekundu aliitwa mchawi. Kumbe macho yake yaliharibiwa na moshi wa jikoni, miaka na miaka.

Serikali iliamua kuwasaka wauaji. Hilo lilikuwa jambo jema. Polisi na maofisa wa usalama walikamata watu wengi. Lakini walitaka watu hao wakiri upesi. Baadhi ya mahabusu waliteswa, na wengine wakafa.

Fikiri, ndugu msomaji. Kazi hiyo ilianzishwa ili watu wasiuawe. Nayo yenyewe ikaua! Tena, mtu anayepigwa atasema lolote ili fimbo ikome. Muuaji mwenyewe pengine yuko kwake, anakunywa uji.

Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake. Ndugu Peter Siyovelwa, waziri katika Ofisi ya Rais, alijiuzulu pia. Wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao wakaacha kazi. Si nchi nyingi ambako wakubwa huacha viti vyao kwa sababu ya vifo vya mahabusu. Wananchi hawakumtupa Ndugu Mwinyi. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais.

Baadaye, katika miaka ya 1980, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda Sungusungu. Walisaka wezi wa ng'ombe kwa pinde na mishale. Watu walifurahi kulala usingizi. Hata hivyo, baadhi ya Sungusungu nao waliwapiga watuhumiwa. Sheria iliwatambua mwaka 1989, lakini haikuwapa ruhusa ya kutesa.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 13 inakataza kumtesa mtu. Inasema pia kwamba mshitakiwa asitendewe kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa.

Je, mwizi akikataa kukamatwa? Hapo nguvu inaruhusiwa, lakini ile ya kutosha kumkamata tu. Akishatii, fimbo iwekwe chini. Apelekwe polisi siku hiyo hiyo, na aliyeibiwa aende naye akaandikishe maelezo yake.