Kaitaba yatafuta mshambuliaji

Msimu wa 2016/17, Kagera Sugar ilimaliza ya tatu Ligi Kuu chini ya kocha Mecky Maxime, nyuma ya Yanga na Simba. Mabao mengi aliyafunga Mbaraka Yusuph. Hakukaa sana, mwaka 2017 Azam ilimchukua.

Simulizi hiyo hairudiwi bure mjini Bukoba. Msimu wa 2024/25 timu ilishuka daraja, na tangu hapo kila mwenye kiti kijiweni ni mjumbe wa kamati ya usajili. Mzee mmoja atatoa mfukoni kifungu cha kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa ganda la mgomba, agawe punje mbilimbili, kisha aamue: namba tisa kwanza. Kijana wa bodaboda atamkatiza, "Shikamoo babu, lakini beki je?"

Wa Muleba, wanaopanda Hiace kupitia Kemondo kuja uwanja wa Kaitaba, wana hoja yao: vipaji viko nyumbani, kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, na viwanja vya vumbi, ila havitafutwi.

Hoja tamu, ingawa nusu tu. Daraja la chini huchezwa kwa nguvu, na chipukizi peke yake huumia. Tena mfuko wa usajili ni wa kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, hautoki kwa mashabiki. Anayeng'ara naye hufuatwa na wakubwa wa Dar es Salaam.

"Basi tusajili wawili," babu anajibu, akitema ganda la kahawa.