Fahamu: Zana ya kufuatilia seva isizimike pamoja na seva yenyewe

Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data, S3, ilianguka kwa saa kadhaa baada ya fundi kukosea amri moja na kuondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia. Ubao wa kampuni hiyo wa kuonyesha hali ya huduma nao ulishindwa kusasishwa kwa karibu saa mbili, kwani ulitegemea S3 hiyohiyo. Taarifa zikapitia Twitter.

Ndiyo maana anayechagua zana ya kufuatilia seva kupitia wavuti aulize kwanza inakaa wapi. Mojawapo ya zana hizo, Uptime Kuma, ni ya bure na ni nzuri kweli, lakini ikisimikwa kwenye seva ileile inayoilinda, vyote huzimika pamoja.

Mahali pa kupimia napo pana uzito. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba Tanzania na Kenya ilhali seva nyingi zilikuwa zikifanya kazi. Zana inayopima kutoka Ulaya tu haiwezi kutofautisha hitilafu ya nyaya na kuzimika kwa seva.

Kisha, inapima nini? Ukurasa wa malipo unaweza kurudisha msimbo 200, yaani mambo shwari, huku mteja akikodolea macho ukurasa mweupe usio na kitufe cha kulipia. Bora zana inayotafuta neno maalumu ndani ya ukurasa, na tahadhari yake ije kwa SMS, hasa kama baruapepe ya ofisi iko kwenye seva hiyohiyo.