Nakala za Magitaa ya Kale ya Hispania: Je, Sauti Yaweza Kuigwa?

Fundi akipewa kiti cha kale na kutakiwa atengeneze kingine kama hicho, kazi yake hukamilika pindi vipimo vinapolingana. Gitaa si hivyo. Nakala yaweza kulingana na asili yake kwa urefu, kwa upana na hata kwa rangi, na bado ikapigwa ikatoa sauti nyingine. Jambo hili halitokani na uchawi wala siri za mafundi. Chanzo chake ni fizikia.

Miongoni mwa magitaa yanayoigwa sana ni yale ya Antonio de Torres, seremala aliyezaliwa karibu na mji wa Almería, kusini mwa Hispania, mwaka 1817, na kufariki mwaka 1892. Yeye ndiye aliyeimarisha umbo la gitaa linalofuatwa hadi leo: kiwiliwili kipana kuliko vya awali, nyuzi zenye urefu wa milimita 650 hivi, na chini ya ubao wa juu fito nyembamba, mara nyingi saba, zilizotawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Hakuwa wa kwanza kutumia fito za namna hiyo, lakini ndiye aliyezipa mpangilio uliokubalika na waliomfuata.

Kazi ya ubao wa juu

Uzi peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kutosha. Mtetemo wake hupita katika daraja hadi kwenye ubao wa juu, na kwa kuwa ubao huu ni mpana, husukuma hewa nyingi na sauti ikasikika. Hewa iliyomo sandukuni nayo hutetemeka kupitia tundu. Uzi wa sauti nzito kuliko zote hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na ule wa sauti nyembamba kuliko zote mara 330. Ubao hauna budi kuiitikia mitetemo yote hiyo.

Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, ubao wa juu ukabaki wa mti. Chombo hicho kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Muziki mjini Barcelona, nacho ni ushahidi wa imani yake kwamba sauti ya gitaa hutegemea zaidi ubao wa juu.

Kwa nini vipimo havitoshi

Ugumu wa ubao dhidi ya kupindwa hubadilika kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Ubao wa milimita 2.0 ukiongezwa ukawa milimita 2.2, unene umezidi kwa asilimia 10 tu. Lakini ugumu umezidi kwa asilimia 33, kwa kuwa 1.1 × 1.1 × 1.1 ni 1.331. Zaidi ya hayo, hakuna miti miwili iliyo sawa. Hata mbao mbili za mti mmoja hutofautiana kwa uzito na kwa ugumu.

Hapa ndipo mwenye kuiga anapolazimika kuchagua. Akifuata vipimo kwa uaminifu, huenda akapoteza sauti. Akifuata sauti, yaani akiparuza ubao kwa randa, akiupinda kwa vidole na kuugonga ili ausikilize, hana budi kuviacha vipimo. Fundi mzuri huvichukua vipimo kuwa mwongozo, kisha huuacha mti wenyewe uamue sehemu ya mwisho ya milimita.

Nyuzi na miti

Nyuzi nazo zimebadilika. Enzi za Torres, nyuzi tatu za sauti nyembamba zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Nakala iliyofungwa nailoni haitoi sauti ile ile aliyoisikia Torres.

Mgongo na mbavu za baadhi ya magitaa hayo zilikuwa za mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra. Tangu mwaka 1992 biashara ya kimataifa ya mti huu imewekewa vizuizi vikali kabisa ili usitoweke. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni ndugu yake wa jenasi moja. Kwa hiyo wenye kuiga hulazimika kutafuta miti mingine, na lile jaribio la karatasi ngumu huwapa matumaini.

Faida ya nakala

Nyuzi sita zilizokazwa huvuta daraja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Chombo chenye umri unaozidi miaka 100 hakiwezi kustahimili mvuto huo kila siku pasipo hatari ya kupasuka au kupinda. Nakala humwezesha mpigaji kuukaribia muziki wa zamani, huku gitaa la asili likipumzika.

Wanafunzi wanaweza kujaribu jambo hili darasani. Kaza uzi kati ya misumari miwili juu ya gogo zito, uupige. Kisha kaza uzi kama huo juu ya sanduku jembamba la mbao lenye tundu, uupige tena. Linganisheni sauti hizo mbili. Halafu badilisheni kifuniko cha sanduku kwa kingine kinene zaidi, na mwandike tofauti mnayoisikia.