Baraza la Juu Liwekewe Kizuizi

Nyumba nyingi za milimani, kama kule Lushoto, hujengwa kwenye mteremko. Upande wa bondeni baraza huwa juu sana. Mtoto anayetambaa hajui ukingo. Akiangukia kichwa anaweza kuvunjika fuvu au kuvia damu ndani ya kichwa. Mzee asiyeona vizuri naye yumo hatarini.

Kwa hiyo weka kizuizi. Chagua nguzo za mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, kama mninga. Zichimbie kando ya baraza kina cha sentimita 60, kisha shindilia udongo kwa mawe. Kizuizi kifike mita 1 kutoka sakafuni.

Fito zipigiliwe wima. Fito za kulala ni ngazi kwa mtoto. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 10, ili mtoto asipenye. Kwenye vipandio weka kilango chenye komeo. Usiache kigoda wala kinu karibu na kizuizi, kwani mtoto atakipanda.

Ukimaliza, kiegemee kwa nguvu. Kikitikisika, kikaze kabla mtoto hajafika hapo. Kila baada ya masika kagua misumari na nguzo zilizooza.

Mtoto akianguka, kisha akazimia, akatapika, akasinzia kuliko kawaida au akatokwa na damu masikioni, mpeleke kituo cha afya mara moja. Usingoje kesho.

Tukumbuke, kinga ni bora kuliko tiba.