Bosi Niliyemkimbia Nilikuja Naye Nyumbani

Wauzaji wenzangu, leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea kunyonyesha.

Mtoto wa kwanza nilimpata nikiwa nimeajiriwa dukani. Likizo ilipoisha, bosi akaniambia: "Hapa ni kazini, siyo kliniki." Nikawa nakamua maziwa chooni, nimesimama, blauzi imelowa. Sikujua kuwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Hakuna aliyeniambia. Nikaacha kazi.

Nikaanza kuuza madera mtandaoni, nikasema sasa niko huru. Mtoto wa pili alipokuja, nikajikuta namtoa kwenye titi ili nimjibu mteja "ndiyo, bado lipo." Maziwa hutoka kadiri mtoto anavyonyonya, na mimi kila siku namkatisha. Yakaanza kupungua. Yule bosi nilikuwa nimekuja naye nyumbani, ila safari hii ni mimi mwenyewe.

Nilichobadilisha:

1. Saa za oda nimeziandika kwenye ukurasa: saa 3 mpaka saa 6, na saa 9 mpaka saa 12 jioni.

2. WhatsApp Business nimeweka ujumbe unaojibu wenyewe: "Nanyonyesha, nakujibu baada ya nusu saa." Siandiki "nina dharura." Sina cha kuficha.

3. Bodaboda anachukua mizigo mara moja tu kwa siku.

Wapo wateja waliokimbia, sikatai. Wengi wamesubiri.

Mtihani wenyewe umekuja mwezi uliopita. Binti anayenifungia mizigo amerudi na kichanga cha miezi minne. Siku ya kwanza oda zimejaa, mtoto analia, yeye anaacha mzigo anamchukua. Nikajisikia nataka kusema "hapa ni kazini." Nikanyamaza, aibu imenishika. Mwajiri sasa ni mimi, na sheria ile inanihusu mimi.

Nimempa kiti, kona yenye pazia, na masaa yake 2 bila kumkata hela. Mizigo michache inachelewa kidogo. Nayahesabu kama gharama ya biashara, sawa na bando na nauli.

Wewe msaidizi wako akijifungua, umempangia nini? Na wewe mwenyewe je? Tuambiane hapa chini.